Jazi ya Kukaa Kitini: Hotuba kwa Wasikilizaji wa Muziki wa Tabora

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama, ndugu zangu wote, na ninyi vijana mliokuja na spika ya maana mkaniokoa na ile redio yangu inayokoroma: wakubwa shikamooni, na wengine nawasalimu kwa heshima zote.

Nimeombwa nizungumzie albamu za jazi ambazo mtu akizisikiliza kwa mara ya kwanza hatajuta, na nyingine ambazo wengi wetu tulizisikia zamani nusu nusu na tungefanya vema kuzirudia. Kabla sijataja hata moja, inanibidi kwanza niondoe utata mdogo. Hapa Tabora, ukilitamka neno jazi mbele ya mtu mwenye miaka 60 na ushei, mawazo yake hayaendi New York. Yanakwenda kwa Tabora Jazz na ule wimbo wa Dada Asha wa Shem Karenga, mzaliwa wa Kigoma aliyekuja kututia furaha huku. Yanakwenda kwa Kiko Kids na gitaa la Salum Zahoro. Yanakwenda hata kwa Western Jazz, ambayo makao yake yalikuwa Dar es Salaam, lakini aliyeianzisha, Iddi Nhende, alikuwa mtu wa Nzega, na jina lenyewe la bandi liliwatangazia watu wa pwani kwamba wapigaji hao wametoka magharibi.

Bandi hizo, pamoja na Morogoro Jazz, NUTA Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga na nyingine nyingi, zilijiita Jazz bila kupiga jazi ya Kimarekani. Zilipiga dansi. Mwalimu wao mkubwa alikuwa Kuba, kwa sababu tangu mwaka 1933 kampuni za santuri zilianza kuleta Afrika zile santuri za G.V. zenye muziki wa Kikuba, na katika miji yote iliyokuwa na gramafoni vijana walizisikiliza mpaka mifereji ikalika, kisha wakachukua magitaa. Neno jazz lilikuwa na hadhi ya mjini, basi wakalivaa kama mtu anavyovaa suti.

Wako wajuzi wanaocheka jambo hilo, wakisema babu zetu hawakujua maana ya neno walilojiandika kifuani. Mimi naona hawakukosea sana, na sababu yangu ndiyo itakayoongoza mazungumzo yangu yote ya jioni hii. Kuba, iliyowafunza wazee wetu, iliwafunza pia Wamarekani. Mwaka 1947 mpiga tarumbeta wa Kimarekani Dizzy Gillespie alipomweka mpiga tumba wa Kikuba, Chano Pozo, ndani ya bandi yake kubwa, jazi ya New York ilianza kula chungu kimoja na dansi ambayo baadaye ingechezwa hapa mitaani kwetu, Ng'ambo na Isevya. Kwa hiyo mtu aliyelelewa na dansi haingii nyumba ya wageni akisikiliza jazi. Anaingia kwa mjomba. Tatizo ni kwamba kwa kawaida huingizwa kwa mlango usio wake: anapewa albamu iliyo maarufu kuliko zote, anaambiwa ni lazima aipende, anaisikiliza huku akipika, haoni kitu, anaiacha. Mimi nitajaribu kuwapitisha mlango mwingine, na hiyo albamu maarufu tutaikuta ndani.

Albamu ninayoanza nayo haipewi nafasi kubwa katika orodha za wataalamu, na ningekuwa na mamlaka ningeagiza ipigwe kila Desemba 9. Inaitwa Uhuru Afrika. Mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, aliirekodi New York mwezi Novemba 1960, ikatoka mwaka 1961. Zingatieni tarehe hizo. Mwaka 1960 nchi 17 za Afrika zilijipatia uhuru wao, lakini Tanganyika haikuwamo. Sisi tulikuwa bado tunangoja, na tungengoja miezi 13 mingine tangu siku santuri hiyo iliporekodiwa. Weston hakungoja. Alitaka kazi yake ianze kwa lugha ya Kiafrika, akachagua Kiswahili, na shairi lililoandikwa na Langston Hughes, yule mshairi mkubwa wa Watu Weusi wa Marekani, likasomwa kwa Kiswahili na Tuntemeke Sanga, Mtanganyika aliyekuwa New York wakati huo. Hivyo sauti ya kwanza ya binadamu katika albamu hiyo ni sauti ya mtu wa kwetu, akizungumza lugha ya kwetu, na nyuma yake ngoma.

Nakumbuka mara ya kwanza nilipoisikia. Nilikuwa nimekaa kwa ustaarabu nikisubiri jazi ya Kimarekani, mara nasikia Kiswahili safi, nikamgeukia kijana aliyekuwa ananisaidia mitambo nikamuuliza kwa nini amehamia redio. Hakuwa amegusa kitu.

Baada ya shairi hilo kuna sehemu nne. Ya kwanza inaitwa Uhuru Kwanza, ya pili inamsifu mwanamke wa Kiafrika, ya tatu inaitwa Bantu, na ya mwisho ni Kucheza Blues, jina ambalo Mswahili yeyote atalielewa na Mmarekani atalazimika kuuliza nusu yake. Bandi ina wapigaji zaidi ya 20. Kwenye ngoma peke yake wamo Max Roach na Charlie Persip, Babatunde Olatunji wa Nigeria, na Wakuba wawili, Candido na Armando Peraza. Mnaona jinsi mjomba wetu Kuba alivyokwisha kufika kikaoni kabla yetu. Wale mliowahi kusimama karibu na mpiga tumba wa bandi ya dansi mtasikia katika Bantu mambo ambayo mikono yenu inayajua hata kama akili haijayapata jina: ngoma inauliza, ngoma nyingine inajibu, ya tatu inakataa kukubaliana na zote mbili, na bado mguu hauchanganyikiwi.

Aliyeupanga muziki huo wote, yaani aliyekaa na karatasi akaamua tarumbeta itamke nini na tromboni imjibu wapi, alikuwa mwanamke, Melba Liston, ambaye mwenyewe alikuwa mpiga tromboni hodari. Nalitaja hili polepole kwa ajili ya mabinti waliopo ukumbini, kwa sababu katika miaka yangu yote ya kupuliza saksafoni ya pili kwenye bandi ndogo za mkoa huu, nimewaona wanawake wakishika maikrofoni, lakini sikuwahi kumwona hata mmoja akipewa kalamu. Wapulizaji wa Uhuru Afrika, watu wenye majina makubwa kama Clark Terry, Freddie Hubbard na Yusef Lateef, walisoma alichoandika Melba na kukitii.

Mwaka 1964 serikali ya makaburu ya Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo. Sidhani kama kuna sifa kubwa kuliko hiyo ambayo serikali ile iliwahi kuipa santuri.

Naomba nikae bado kwenye mlango huu wa lugha, kwa sababu kuna kichekesho chenye maana ndani yake. Miaka kumi baada ya Weston, mpiga piano mwingine, Herbie Hancock, ambaye alikuwa ametoka kwenye bandi ya mpiga tarumbeta Miles Davis, aliunda kundi la watu sita na wote wakajitwalia majina ya Kiswahili. Yeye mwenyewe akawa Mwandishi, na albamu yao iliyotoka mwaka 1971 inaitwa hivyo hivyo, Mwandishi. Mpiga dramu Billy Hart akawa Jabali, na ukimsikia utakubali. Mpiga tarumbeta Eddie Henderson alikuwa daktari aliyesomea udaktari hasa, basi wakamwita Mganga. Mpiga besi Buster Williams akaitwa Mchezaji, na hapa Mswahili lazima atabasamu, kwa kuwa sisi besi hatuichezi bali tunaipiga, na mchezaji kwetu ni wa mpira au wa ngoma. Lakini tumsamehe, maana besi yake kweli inacheza. Mpiga tromboni Julian Priester alipewa jina la Pepo Mtoto. Ndugu zangu, hapa Unyamwezini mtu akijitambulisha hadharani kwamba yeye ni Pepo Mtoto, watu wataanza kutafuta mganga, na kwa bahati nzuri katika bandi hii mganga yupo, amekaa pembeni na tarumbeta yake.

Hata aliyewagawia majina hayo, mpiga ngoma kijana James Forman, alikuwa amejiita Mtume. Sina la kuongeza hapo; mashehe wapo ukumbini.

Tukiacha kicheko, albamu yenyewe si nyepesi, na sitawadanganya. Kipande cha kwanza kinazunguka kwenye mapigo 15 kabla ya kurudi mwanzo, wakati masikio yetu yamezoea manne na manne, na mara ya kwanza utajihisi kama unapanda ngazi ambayo kidato kimoja kimeng'olewa. Ushauri wangu ni usihesabu. Shika besi ya Mchezaji, ambayo hurudia maneno yale yale bila kuchoka, na uwaache wengine wapite juu yake. Mtu aliyewahi kusikiliza chemko refu la dansi, pale ambapo waimbaji wamenyamaza, ridhimu na besi zimejifunga kwenye duara moja na solo linasafiri linakotaka, anayo tayari sikio la kusikilizia Mwandishi. Tofauti ni kwamba hawa walisafiri mbali zaidi na hawakuwa na haraka ya kurudi.

Ukiona imekushinda, ruka hadi Head Hunters ya mwaka 1973, ambayo Hancock aliifanya baada ya yeye mwenyewe kuchoka kuelea angani. Humo katika Watermelon Man, kabla ya kitu chochote, utamsikia Bill Summers akipuliza chupa na kuingiza sauti yake katikati ya mpulizo, kwa mtindo aliouiga kutoka kwa Wababenzele wa misitu ya Afrika ya Kati, ambao hupuliza filimbi ya noti moja na kujazia noti nyingine kwa koo. Watoto wetu hufanya hivyo kwa chupa za soda na tunawafukuza.

Majina peke yake, hata hivyo, yasiwapumbaze. Mwaka 1958 Wilbur Harden na mpiga saksafoni John Coltrane walirekodi kipande kiitwacho Tanganyika Strut, na nimewaona watu wakikikimbilia kwa sababu ya jina. Upigaji ni mzuri, lakini Tanganyika ndani yake mtaitafuta kwa taa. Nasema hivyo kwa upendo, kwa sababu kutoka kwa Coltrane huyo huyo nina jambo lililo karibu zaidi na mji huu, ingawa jina la mji huu halimo.

Sisi tu watu wa reli. Njia ya kutoka Dar es Salaam ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma mwaka 1914, na tangu tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928 hakuna mtu wa magharibi asiyejua maana ya kulala stesheni ya Tabora akingoja behewa lake liunganishwe. Mjomba wangu alikuwa karani wa reli. Miongoni mwa vitu vyake vya thamani ilikuwamo santuri moja aliyoachiwa na fundi wa kigeni aliyekuwa anarudi kwao, na jalada lake lilikuwa la rangi ya buluu, lenye picha ya mtu aliyeweka mkono kichwani na kidole mdomoni kama anayekumbuka deni. Mjomba aliipenda kwa sababu moja tu, jina lake lilikuwa Blue Train, na yeye hakuona ajabu yoyote kwamba Wamarekani wameimba treni, kwa kuwa hakujua kitu kingine kinachostahili kuimbwa.

Mkono wa gramafoni ulikuwa mwepesi na sindano ilikuwa inaruka, basi mjomba aliweka juu yake sarafu ya senti tano. Senti tano ile ilizuia mruko wote isipokuwa mmoja, katikati ya solo la tarumbeta la Lee Morgan kwenye kipande cha kwanza. Pale kijana yule, maana alikuwa na miaka 19 tu siku ile ya Septemba 15, 1957, anapopanda kama anayetaka kupasua dari, santuri yetu iliruka ikamrudisha chini, akapanda tena, ikamrudisha tena, mpaka mjomba anyanyuke. Leo ninayo nakala safi isiyo na mkwaruzo, na bado nikifika hapo huzuia pumzi nikingoja mruko.

Nawaomba muirudie Blue Train hata kama mliisikia zamani, na safari hii msikilize vitu viwili. Cha kwanza ni wapulizaji watatu wanaofungua, saksafoni, tarumbeta na tromboni, wakitamka sentensi moja kwa pamoja na piano ikijibu chini yao; mpangilio huo ni wito na kiitikio, na mpulizaji yeyote wa dansi angeusimamia bila mazoezi. Cha pili ni chumba. Rudy Van Gelder, aliyerekodi kazi hiyo, alikuwa na kazi ya macho mchana, ya kuwapima watu miwani, na studio yake mjini Hackensack, New Jersey, ilikuwa sebule ya wazazi wake. Ninaposikia vijana wakilalamika kwamba hawawezi kurekodi kwa kukosa studio ya kisasa, huikumbuka sebule ile.

Sasa tumeshaingia ndani vya kutosha, na tunaweza kuikabili ile maarufu. Kind of Blue ya Miles Davis ilirekodiwa New York kwa siku mbili tu, Machi 2 na Aprili 22, mwaka 1959, katika jengo lililokuwa zamani kanisa, na huko Marekani imevuka nakala milioni 5. Watu huisifu kwa utulivu wake, na utulivu huo ndio uliowafanya wengi waifanye muziki wa hotelini. Mimi naomba isikilizwe kwa sababu nyingine. Jazi ya miaka iliyotangulia ilikuwa inabadilisha kodi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja, kila baada ya mapigo machache, na mpigaji alikimbizana nazo kama mtu anayeruka madimbwi. Katika kipande cha kwanza, So What, Miles aliyafukia madimbwi. Bandi inakaa kwenye ngazi moja ya sauti kwa muda mrefu, inapanda nusu sauti kwa muda wa nusu ya ule wa kwanza, inarudi ilikotoka. Basi. Mtu wa dansi hashangai. Kukaa mahali pamoja na kutafuta la kusema ndiyo kazi ya solo kwenye chemko. Miles anasema kidogo, Coltrane anasema kila kitu, na mpiga saksafoni mwenzake Cannonball Adderley anasema kwa tabasamu. Mkishawatambua hao watatu kwa sauti zao, albamu haitakuwa tena muziki wa hotelini.

Kuna jambo la kiufundi ambalo wenye nakala za zamani wanapaswa kulijua. Siku ile ya kwanza ya Machi, mashine ya kurekodia ilikuwa inakwenda taratibu kidogo kuliko inavyotakiwa, kwa hiyo vipande vitatu vya upande wa kwanza viliposikika kwenye santuri vilikuwa juu kidogo ya sauti yake halisi. Wanafunzi wa muziki waliojaribu kupiga pamoja na santuri hiyo waligundua kwamba ala zao hazipatani nayo, na pengine wengi walizilaumu ala zao. Kosa lilisahihishwa katika toleo la mwaka 1992. Kwa hiyo mtu aliyeinunua kabla ya hapo anayo sababu halali ya kuinunua upya, na mkewe asimlaumu.

Mwaka huo wa 1959 ulikuwa na neema ya pekee. Time Out ya Dave Brubeck ilitoka humo, ikiwa na Take Five, kipande cha mapigo matano kilichotungwa na mpiga saksafoni Paul Desmond. Mkijaribu kukicheza kwa hatua za chacha mtabaki na mguu mmoja hewani. Desmond alipofariki mwaka 1977 aliusia mapato ya tungo zake yaende kwa Msalaba Mwekundu wa Marekani, na hivyo kila kinapopigwa kuna mgonjwa mahali fulani anayefaidi. Mingus Ah Um ya Charles Mingus nayo ni ya mwaka huo, na ndani yake mna ombolezo la mpiga saksafoni Lester Young, aliyefariki mwezi Machi. Nikiambiwa nichague kati ya hizo mbili nitachukua ya Mingus bila kufikiri, kwa sababu inanuka jasho.

Nisiwasahau jirani zetu wa kusini, ambao wengi wao tuliishi nao hapa nchini miaka ya ukombozi. Mwaka 1974, mjini Cape Town, Abdullah Ibrahim, aliyejulikana awali kama Dollar Brand, alirekodi Mannenberg. Piano iliyokuwa studio ilichomekwa pini kwenye nyundo zake, ikatoa mlio wa bati kidogo, na juu ya mlio huo Basil Coetzee akaweka saksafoni ambayo haikusudii kumshangaza mtu yeyote. Kipande kinazidi dakika 13 na kinazunguka mahali pamoja. Katika zote ninazozitaja, hii ndiyo ninayoweza kuipiga harusini bila mtu kuniuliza swali, na shangazi zangu wamekwisha kuicheza bila kujua kwamba wanacheza jazi.

Imebaki moja, na ndiyo iliyonifanya nikubali kuja kusimama hapa.

Miaka ya nyuma, nilipokuwa Dar es Salaam kwa masomo, kulikuwa na kibanda kilichorekodi muziki kwenye kaseti kwa malipo. Nilimpelekea mwenye kibanda kaseti tupu ya dakika 60, nikamwomba anijazie upande mmoja A Love Supreme ya John Coltrane, na upande wa pili nyimbo za dansi. Alifanya kazi yake. Kilichonipata ni hesabu: upande wa kaseti ile huchukua dakika 30, na albamu ile ina dakika kama 33. Ina sehemu nne, na kaseti yangu ilikatika katikati ya sehemu ya nne, saksafoni ikiwa hewani, kwa mlio wa tak. Mimi nikadhani Coltrane ndivyo alivyomaliza. Niliwaeleza watu, kwa uhakika mkubwa, kwamba huo ndio ubunifu wake, kwamba aliamua kunyamaza ghafla kwa sababu maombi hayana mwisho. Nilisifiwa kwa maelezo hayo.

Ilinichukua miaka mingi kuipata santuri kamili pamoja na jalada lake, na jalada ndilo lililoniaibisha. Ndani yake limechapwa shairi la Coltrane mwenyewe la kumshukuru Mungu. Sehemu ya nne, inayoitwa Psalm, yaani zaburi, ni shairi hilo hilo. Haimbi mtu. Coltrane anayasoma maneno kwa saksafoni, silabi kwa silabi, na ukishika karatasi mkononi ukafuata kwa kidole utaona kwamba pale penye neno Mungu ala inatulia, na pale penye mstari mrefu pumzi inakuwa ndefu. Kaseti yangu ilikuwa imemkata mtu katikati ya dua.

Alirekodi kazi hiyo Desemba 9, 1964, siku ambayo sisi tulikuwa tunaadhimisha mwaka wa tatu wa Uhuru. Ni sadfa tu, wala sitaki kuifanya kuwa kubwa, lakini kila mwaka tarehe hiyo ikifika najikuta na sherehe mbili. McCoy Tyner yuko kwenye piano, Jimmy Garrison kwenye besi, Elvin Jones kwenye dramu. Mwanzoni besi inatoa noti nne, ambazo baadaye Coltrane atazichukua na kuzihamisha kutoka ufunguo hadi ufunguo wa muziki, zote 12, kama mtu anayebisha hodi kila mlango wa mtaa, kisha anaiweka chini saksafoni na kuzitamka noti hizo kwa mdomo.

Vijana wanaosikiliza kwa simu nawaomba jambo moja la kiufundi: zimeni kile kitufe kinachochanganya nyimbo, maana albamu hii ikichanganywa ni sawa na kumsikia mtu akitoa salamu za mwisho wa sala kabla ya takbira. Na bando likikaribia kuisha, bora msianze.

Ndugu Mwenyekiti, nimepewa dakika 45 na naona unatazama saa. Nimechapa lile shairi kwenye karatasi, upande mmoja kwa Kiingereza na upande wa pili kwa Kiswahili changu cha kujitahidi, nakala 60, naomba zipitishwe kuanzia nyuma ili waliochelewa nao wapate. Wenye miwani wavae. Tuzime hiyo feni inayolia, na simu. Kijana wangu wa mitambo, weka sehemu ya nne, toka mwanzo hadi mwisho, wala usiiguse mpaka ala zote zitakapokuwa zimenyamaza zenyewe.